Kuuza besi na vyombo vyake vilivyotumika: maswali ambayo wapigaji huuliza mara kwa mara

Maswali haya huulizwa nyuma ya jukwaa, kwenye mazoezi, na kwenye simu usiku mtu akiwa amebanwa na kodi ya nyumba. Mimi ni mpiga besi wa Dar es Salaam na ninaishi kwa kazi hiyo: kumbi, harusi, hoteli, studio na ibada za Jumapili. Nimenunua na kuuza vyombo kwa wapigaji wenzangu miaka mingi, na msimamo wangu ni huu: mpigaji anayeuza chombo anaweka na jina lake rehani. Mnunuzi asije akakuta ndani ya chombo jambo ambalo hukumwambia.

Nina besi mbili na amplifaya, na mambo yamekaza. Nianze kuuza kipi?

Anza na kisichokuletea kazi. Chukua daftari, andika kazi ulizopiga miezi mitatu iliyopita, na mbele ya kila kazi andika ulitumia chombo gani. Wengi wakifanya hivyo wanagundua kuwa ile amplifaya kubwa waliyoihangaikia imekaa sebuleni tu, kwa sababu ukumbini wanakuta vyombo vya mwenye ukumbi, na hotelini besi inachomekwa moja kwa moja kwenye mikseri. Basi hiyo ndiyo itangulie. Inakula nafasi, bodaboda hawataki kuibeba, na kadiri inavyokaa bila kuwashwa kwenye unyevu wa pwani ndivyo inavyochakaa.

Kwenye besi mbili, kama zinafanana, uza moja bila kusita. Kama moja ni ya nyuzi nne na nyingine ya tano, tazama unapiga muziki gani. Mpigaji wa injili ya leo anahitaji nyuzi tano, kwa sababu waimbaji wanahamisha ufunguo bila taarifa na noti zilizo chini ya E, uzi mnene kuliko yote, hazipo kwenye nyuzi nne. Anayepiga dansi na zilipendwa anamaliza usiku mzima na nyuzi nne na hakuna atakayemuuliza.

Kitu ambacho sikubaliani nacho kabisa ni kubaki bila besi, hata kwa wiki moja, kwa matumaini ya kuazima. Besi ya kuazima ina mwenyewe, na mwenyewe naye ana kazi Jumamosi. Kama pesa unayoitaka utaipata kwenye kazi mbili zijazo, ongea na kiongozi wa bendi akupe kianzio, au kopa kwenye kikoba. Mara nyingi riba ya kikoba ni ndogo kuliko hasara ya besi iliyouzwa kwa njaa.

Wanunuzi hasa ni akina nani?

Makanisa kwanza, na kwa mbali. Kila kwaya inayokua inafika siku inataka magitaa na kinanda chake, na bajeti yake inatokana na michango ya waumini, kwa hiyo chombo kilichotumika lakini kizima kinawafaa sana. Ujue tu kwamba kanisa linanunua kwa kamati. Watakuja watu wanne au watano: mwenyekiti wa kwaya, mtunza hazina, mama mmoja ambaye neno lake ndilo la mwisho ingawa hana cheo, na kijana mpiga besi anayetembea nyuma yao kwa aibu.

Huyo kijana ndiye wa kumshughulikia. Mpe besi ikiwa imetiuniwa, mwekee kiti, punguza sauti ya amplifaya, kisha umwache. Ataanza na noti ndefu taratibu, atapanda hadi freti ya kumi na mbili (freti ni vile vyuma vya shingoni) kusikiliza kama uzi unagonga, na akishapata raha ataingia kwenye sebene. Usimkatize. Wazee hawajui pikapu (sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) wala shingo, lakini uso wa mtoto wao wanausoma vizuri, na pesa itatoka kulingana na walichokisoma.

Kisha litakuja swali: "Mtumishi, kwa kazi ya Mungu, bei ya mwisho ni ngapi?" Lijibu kwa heshima na bila kuyumba. Taja bei ya kweli tangu mwanzo, na kama moyo unakutuma kuchangia, changia kitu kinachoonekana: seti ya nyuzi, mkanda, kebo nzuri. Ukipunguza laki mbili kwa mara moja utaonekana ulikuwa umewapandishia.

Wakiomba kulipa kwa awamu, kubali, mradi iwe kwa maandishi yenye sahihi ya kiongozi na mhuri wa kanisa, na besi itoke mkononi mwako baada ya nusu angalau kulipwa.

Baada ya makanisa kuna wanaoanza kujifunza, wanafunzi wa TaSUBa, ile taasisi ya sanaa kule Bagamoyo, na wa chuo cha muziki cha Zanzibar, wenye studio za nyumbani, na wenye kumbi ambao wao hutafuta zaidi amplifaya na maboksi ya spika.

Bei naipangaje?

Uliza kwanza mpya ya aina hiyohiyo inauzwa shilingi ngapi leo Kariakoo. Bei uliyonunulia wewe miaka sita iliyopita haimhusu mnunuzi, iwe ilikuwa juu au chini. Kwa besi isiyo na kasoro mimi huanzia theluthi mbili ya bei ya mpya, na kwa iliyochoka nusu. Amplifaya huwa naishusha zaidi, kwa sababu haionekani ndani na mnunuzi anabeba hatari kubwa zaidi.

Majina yanayojulikana hayashuki haraka. Yamaha na Ibanez zimeenea sana makanisani, fundi anazijua, na kijana aliyejifunzia Yamaha ya kanisa akipata pesa anatafuta Yamaha yake. Besi nzuri ya kampuni ambayo hakuna aliyeisikia inaweza kukupa taabu hata kama inalia vizuri kuliko zote. Hapo uvumilivu unasaidia kuliko kushusha bei.

Marekebisho uliyofanya hayarudishi gharama. Kama ulibadilisha pikapu au briji (daraja linaloshika nyuzi mwilini), tafuta vile vya zamani uvirudishe au uvitoe pamoja na besi kwenye mfuko. Wengi wanataka chombo kama kilivyotoka kiwandani.

Acha nafasi kidogo ya mapatano, kama asilimia kumi hivi, kwa sababu bila mapatano mnunuzi wa kwetu anahisi amenyimwa haki yake. Anayepiga simu na kuuliza "bei ya mwisho?" kabla hajaona picha, mwambie bei ya mwisho wataiongea besi ikiwa mbele yenu.

Yangu imeandikwa Fender kichwani, lakini niliinunua kwa mtu na sina uhakika. Niitangazeje?

Itangaze kama unavyoijua. Besi ya Fender iitwayo Precision ilitoka mwaka 1951 na Jazz Bass yao mwaka 1960, na tangu hapo miundo hiyo miwili imeigwa na karibu kila kiwanda duniani. Kuna Fender zenyewe za Marekani, Mexico na Japani, kuna Squier ambayo tangu mwaka 1982 ni jina la Fender kwa bei nafuu, na kuna shingo zisizo na jina ambazo mtu amebandika stika kichwani. Bei zao zinapishana mno.

Tafuta namba, iwe kichwani au kwenye bamba la chuma pale shingo inapoungana na mwili, uiingize kwenye ukurasa wa kampuni wa kuhakiki namba. Stika unaweza kuihisi kwa ukucha: ya bandia mara nyingi ina ukingo unaoshika, kwa sababu imewekwa juu ya rangi. Ukishindwa kuthibitisha, andika "muundo wa Jazz Bass, kichwani pameandikwa Fender, sijathibitisha", na bei iendane na maneno hayo. Neno "orijino" lisitoke kinywani mwako kama huwezi kulisimamia mbele ya watu.

Kuna wakati mzuri wa kuuza?

Upo, na wapigaji wengi huuza katika ule mbaya. Wakati wa Kwaresima na Ramadhani harusi zinapungua sana, kumbi nyingi zinapoa, na kila mpigaji ana njaa kwa wakati mmoja. Mwaka 2025 mifungo yote miwili ilianza ndani ya wiki moja, na mwaka 2026 ikawa hivyohivyo. Vipindi kama hivyo vyombo vinajaa kwenye makundi ya WhatsApp, wanunuzi wanajua, na bei zinaporomoka. Ukiweza kuvumilia hadi baada ya Pasaka na Idi, vumilia.

Miezi mizuri ni kuanzia Septemba hadi katikati ya Desemba. Kwaya zinajiandaa kwa matamasha na Krismasi, bendi zinapata kazi za mwisho wa mwaka, na vijana wana pesa. Kwa aliye Zanzibar, wiki za kuelekea Sauti za Busara, tamasha la kila Februari, nazo huleta watu wanaotafuta vyombo. Januari usihangaike: watu wanalipa ada za shule.

Kasoro zote niziseme? Si nitamfukuza mteja?

Ziseme zote, kwa maandishi, kwenye tangazo lenyewe. Kinachomkimbiza mteja ni kasoro anayoigundua mwenyewe akiwa amekaa kwenye kochi lako, kwa sababu kuanzia hapo ataanza kutafuta ya pili na ya tatu. Kasoro iliyotajwa mapema imeshahesabiwa ndani ya bei, na haina nguvu tena ya kuishusha.

Tangazo linaweza kuwa hivi:

"Nauza Yamaha TRBX174, nyuzi nne, nyekundu. Nimeitumia mwenyewe kazini. Shingo imenyooka. Freti ya tatu hadi ya saba zimelika kidogo chini ya uzi wa A, lakini uzi haugongi. Kitufe cha toni kinakwaruza. Kuna jeraha la rangi nyuma ya mwili, tazama picha ya nne. Inatoka na begi na seti moja ya nyuzi mpya. Ipo Tabata, njoo uipige. Laki tano na nusu, maongezi yapo."

Picha zipige mchana, karibu na dirisha, ukutani pasiwe na kalenda wala nguo. Piga mbele, nyuma, kichwa, freti kwa karibu, namba, na kila jeraha. Kisha rekodi dakika moja ukiipiga, bila kuongeza madoido yoyote ya sauti. Video hiyo huuza kuliko maneno yote, na itakupunguzia wale wanaokuja kutazama tu.

Nitengeneze nini kabla ya kuonyesha?

Vitu vidogo vyenye kelele. Kitufe kinachokwaruza kinaponywa na dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme: puliza ndani, kizungushe mara nyingi kwenda na kurudi. Tundu la kebo linalokatakata mara nyingi ni waya ulioachia au nati iliyolegea. Kwa besi yenye saketi ya betri, weka betri mpya ya volti 9, na mwambie mnunuzi achomoe kebo akimaliza, kwa sababu kwenye besi nyingi za aina hiyo kebo ikibaki ndani betri inaendelea kuliwa usiku kucha. Kama besi itakaa muda mrefu bila kupigwa, betri itolewe kabisa. Ikivuja inaozesha sehemu zake.

Hewa ya pwani ina chumvi, na freti zetu huota ukijani. Zisugue kwa pamba laini ya chuma, lakini kwanza funika pikapu kwa utepe wa karatasi. Pikapu ina sumaku, na chembe za chuma zikinasa pale hazitoki kirahisi. Nyuzi zilizoota kutu badilisha. Zilizo nzima zifute tu.

Shingo ikague mwenyewe kabla ya mnunuzi kuikagua. Kaa na besi kama unavyopiga, bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine, halafu tazama katikati, karibu na freti ya saba au ya nane. Hapo uzi umekuwa rula. Ukiona nafasi ndogo, inayopitisha kadi ya jina tu, shingo ni nzuri. Nafasi kubwa ina maana nyuzi zimeivuta mbele. Pasipo na nafasi kabisa imeegemea nyuma. Nondo iliyo ndani ya shingo hurekebisha yote hayo, lakini kwa robo mzunguko kwa wakati, kisha unasubiri mbao ikae. Ukiona nati inagoma, mpelekee fundi. Nondo ikikatika, shingo imekwisha.

Rangi usipake. Freti mpya usiweke. Hizo ni gharama ambazo hazitarudi.

Amplifaya yangu imeandikwa volti 100 nyuma. Inauzika?

Inauzika, pamoja na transfoma yake na maelezo. Vyombo vingi vya mtumba vilivyotumika Japani ni vya volti 100, vya Marekani 120, na umeme wetu ni volti 230. Amplifaya ya namna hiyo ikichomekwa ukutani moja kwa moja inaungua palepale. Uza transfoma na amplifaya kama kitu kimoja, hakikisha wati za transfoma zinazidi zile zilizoandikwa nyuma ya amplifaya, na andika kwa maka peni karibu na waya wa umeme: VOLTI 100, TUMIA TRANSFOMA. Usitegemee kwamba uliyemwambia ndiye atakayeichomeka. Kanisani anaweza kuichomeka mtoto wa Sunday school aliyetumwa awahi kuwasha vyombo.

Nyingine zina swichi ya kuchagua volti nyuma au ndani. Kama yako inayo, ionyeshe na uieleze.

Kwa amplifaya za valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti), mwambie mnunuzi umri wa valvu kama unaujua. Zinachoka, ni ghali, na hapa mjini si rahisi kuzipata. Pia zisiwashwe kamwe bila boksi la spika kuunganishwa.

Mnunuzi anauliza boksi lina omu ngapi. Kwani lina umuhimu gani?

Mkubwa sana, maana hapo ndipo amplifaya nyingi zinapofia. Omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme wa spika. Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa pamoja kwa njia ya kawaida yanakuwa omu 4. Mawili ya omu 4 yanakuwa omu 2, na amplifaya nyingi za besi haziruhusu kushuka chini ya omu 4. Mnunuzi anayetaka kuongeza boksi lako kwenye alilo nalo lazima ajue hesabu hii kabla hajatoa pesa.

Kama karatasi ya nyuma imefutika, pima kwa mita ya fundi. Boksi la omu 8 husoma karibu na 6, la omu 4 husoma kama 3 na kidogo. Kisha jaribu spika yenyewe: weka vidole vinne kuzunguka kitovu cha koni, uisukume ndani polepole kwa usawa. Ikiteleza kimya ni nzima. Ukisikia mkwaruzo, koili imeungua au imepinda, na hiyo ni kasoro ya kuandikwa kwenye tangazo.

Na pedali?

Hizo, yaani vile vifaa vya kukanyaga vya kubadili sauti, ni rahisi. Zisafishe, zitoe na adapta yake, na andika volti na upande wa hasi na chanya. Pedali nyingi ni volti 9 na hasi katikati, lakini chache ni kinyume na adapta isiyo yake huziunguza. Soko la pedali za besi hapa ni dogo, kwa hiyo zikiwa tatu au nne uza pamoja.

Besi ninayopigia ni ya bendi, lakini mimi ndiye nimeitengeneza kwa pesa yangu miaka yote. Naweza kuiuza?

Hapana. Muziki wetu wa dansi umejengwa juu ya utaratibu wa vyombo kuwa vya mwenye bendi. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mpigaji aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake, chombo kikabaki. Utaratibu huo umewaumiza wengi waliozeeka bila kumiliki hata uzi mmoja, na ninaona uchungu ninapowafikiria, lakini dawa yake ni kununua chombo chako mwenyewe. Gharama za matengenezo zidai kwa kiongozi ukiwa na risiti za fundi. Mnaweza pia kukubaliana akuuzie besi hiyo kwa bei iliyokatwa gharama zako. Nimeona ikifanyika, na ilimaliza manung'uniko ya muda mrefu.

Nimpe winga wa Kariakoo aniuzie?

Inawezekana, ukijua anachofanya. Winga hana duka, ana wateja. Anachukua picha zako, anaweka cha juu chake, na mnunuzi anapotaka kuona chombo ndipo anakuita. Mwambie bei yako unayotaka mkononi, naye cha juu ajue mwenyewe. Hapo hakuna ugomvi. Ila maelezo ya kasoro yafike kwa mnunuzi kama ulivyoyaandika, na sharti hilo liseme mbele yake winga akiwepo.

Kwa mali kauli, yaani aondoke na besi na kukulipa akishauza, kuwa mwangalifu sana. Fanya hivyo kwa mtu ambaye duka lake unalijua na ndugu zake unawajua. Hata hivyo andikeni siku ya mwisho: ikipita, besi inarudi.

Malipo niyapokeeje bila kutapeliwa?

Ujumbe wa simu si pesa. Meseji ya kutengeneza inafanana kabisa na ya kweli, na picha ya skrini ya muamala haina thamani yoyote. Kwenye M-Pesa piga *150*00#, tazama salio lako mwenyewe, ndipo ufungue begi. Mitandao mingine nayo ina menyu yake, fanya vivyo hivyo. Mnunuzi mwaminifu atasubiri dakika mbili bila kununa.

Kwa kiasi kikubwa, mimi hupendelea twende wote benki au kwa wakala, pesa ihesabiwe pale. Anayesema "nimekosea nimezidisha, nirudishie elfu themanini", mwambie apige simu kwa mtandao wake wamrudishie wao. Na anayetaka besi itangulie na bodaboda ndipo alipe, hana nia njema. Achana naye.

Kishika uchumba pokea kama mtu yupo mbali na ana nia, ila mpe tarehe. Andika: "Nimepokea elfu hamsini, besi itamsubiri hadi Ijumaa, asipofika pesa hairudi", na yeye ajibu kwamba amekubali.

Kuonyeshana kufanyike mchana, mahali pa mazoezi au penye watu, na hakikisheni umeme upo. Shingo na freti unaweza kuzikagua hata umeme ukiwa umekatika, lakini pikapu na saketi haviuzwi gizani.

Tuandikishiane?

Kila mara, hata kwa rafiki. Karatasi moja inatosha: jina la muuzaji na la mnunuzi, namba za vitambulisho vya NIDA, aina ya chombo, namba yake, kasoro zake, bei, tarehe, sahihi za wote wawili na shahidi mmoja. Kwa vitu vya bei kubwa pitieni serikali ya mtaa. Vyombo vinaibiwa sana baada ya maonyesho, na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, kwa hiyo hati inamlinda mnunuzi wako. Inakulinda na wewe: kama besi hiyo itakamatwa baadaye kwenye tukio lolote, unayo karatasi inayoonyesha iliondoka kwako lini.

Usiuze chombo ambacho mwenyewe ulikinunua bila kujua kilikotoka kabla hujauliza kwa wapigaji wenzako. Picha moja kwenye kundi la wanamuziki inatosha. Mwenye nacho atajitokeza haraka.

Mnunuzi yupo Mwanza. Naitumaje?

Kwa basi, kama kifurushi, na risiti yake. Legeza nyuzi nusu mzunguko hivi kila moja, usizitoe zote, kwa sababu shingo iliyozoea mvuto ikiachiwa ghafla inarudi nyuma. Jaza nguo kuu kuu chini ya kichwa na pande zote mbili za shingo ili kisitingishike. Kasha gumu ndilo salama. Kama una begi tu, tafuta boksi kubwa la karatasi ngumu kwenye maduka ya televisheni. Andika KIOO kwa herufi kubwa. Si kioo, lakini neno hilo wapakizi wanaliheshimu.

Mtumie mnunuzi picha ya risiti, namba ya basi na picha za besi kabla ya kufungwa. Gharama ya kusafirisha iwe imekubaliwa kabla.

Mwambie pia kwamba mbao itahisi safari. Besi iliyokaa Dar ikihamia Dodoma au Arusha kwenye hewa kavu, shingo inajikunyata kidogo na ncha za freti zinaweza kutokeza pembeni. Hilo si kasoro uliyoficha. Fundi anazipiga tupa kidogo zinakaa sawa.

Nimepata mkataba wa hoteli Uarabuni. Niuze kila kitu niondoke mwepesi?

Soma mkataba kwanza. Hoteli nyingi hutoa amplifaya na spika, chache hutoa besi, na besi ya hoteli imepita mikono mingi. Beba besi yako, uza amplifaya. Umeme wa Oman na Falme za Kiarabu unalingana na wetu na plagi ni ileile ya pini tatu bapa, kwa hiyo pedali na adapta zako zitafanya kazi bila shida. Pesa ya amplifaya usiimalize kwenye maandalizi ya safari: mkataba ukiisha utarudi, na utahitaji pa kuanzia.

Mteja yupo Ulaya na anaogopa sheria za mbao. Anaogopa nini?

Ubao wa vidole wa besi nyingi ni wa miti ya jamii ya Dalbergia, ambayo mpingo wetu ni mmojawapo. Mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliibana jamii hiyo yote tarehe 2 Januari 2017, na vibali vikawa mzigo mkubwa kwa wanamuziki. Tangu tarehe 26 Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vimeondolewa kwenye masharti hayo, isipokuwa vyenye Dalbergia nigra ya Brazili, ambayo ina ulinzi wa juu kabisa tangu mwaka 1992. Besi za kawaida za viwandani hazina mbao hiyo. Ushuru wa huko kwake ni juu yake kuuliza.

Anataka tubadilishane aongeze pesa kidogo.

Kubali kama chombo chake ungekinunua hata kwa pesa taslimu. Kama usingekinunua, unabadilisha tatizo moja kwa jingine.

Mnunuzi amerudi baada ya siku nne, anasema haitoi sauti.

Mpokee, mkaribishe akae, chomeka besi mbele yake kwa kebo yako. Mara nyingi ni kebo yake au betri. Kama ni waya ulioachia ndani, mimi hulipia fundi ndani ya wiki ya kwanza bila mjadala, kwa sababu huenda uliachia nikiwa nayo. Kama imedondoshwa, picha ulizopiga kabla ya kuuza zitaonyesha, na hapo mnaongea kwa upole bila kurudishiana pesa. Wiki ikipita, besi ni yake na matengenezo ni yake, na hilo liwe limeandikwa kwenye hati.

Nikishauza, niache tangazo ili nione kama kuna wengine wanaotaka?

Futa siku hiyohiyo, na waandikie wote waliokuulizia kwamba imeshauzwa. Hifadhi namba zao.